Mkaguzi Ni Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Tororo.

Barua imefika. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo, wawili. Watapita Busia kwanza, kisha hapa kwetu, halafu watateua kituo kimoja tu kiwe kituo cha mpakani cha mtandao wa kimataifa wa kubadilishana data za hali ya hewa. Kimoja! Kitakachoteuliwa kitapokea vipimo vya mvua, joto na upepo kutoka vituo vidogo vyote vya huku, Mwello, Sikuda, hata shule za ng'ambo upande wa Kenya. Kitavihakiki na kuvirusha duniani kila saa. Kitakachokosa kitabaki mlingoti na uzio. Wafanyakazi watahamishwa na nyumba ya kituo itarudi kwa idara.

Nyumba ya kituo ndiyo ninayoishi. Nilimsomea mke wangu Akongo barua yote hadi mhuri. Akasema yeye hahami, nguruwe wake wamezaa juzi. Nikihamishwa nimpigie simu nikifika.

Mshindani wetu ni Teopista Nasirumbi, mkuu wa kituo cha Busia. Tulisoma naye chuo. Alinipita katika mtihani wa mwisho na mpaka leo hajawahi kulitaja jambo hilo. Hiyo ndiyo dharau yake.

Lakini Okiror si mtu wa kushindwa na Busia. Nina mpango.

Jumanne, 9 Septemba

Bodaboda aliyetoka Busia asubuhi ameniambia Teopista amepaka kibanda chake rangi upya. Kibanda ni lile sanduku jeupe la miguu minne linalokaa katikati ya majani, kuta zake ni vibao vilivyoachana ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani mna vipima joto. Chetu kilikuwa na rangi iliyochoka. Nikanunua rangi ya mafuta, ile nzito, nikapaka mwenyewe, mikono miwili. Saa sita kiling'aa hata watu wa barabarani waligeuka.

Agwang akatoka ofisini. Agwang ni msaidizi wangu. Amesoma kama nilivyosoma mimi na hataki nisahau. Akazunguka kibanda, akaingiza ukucha katikati ya vibao. Haukuingia.

"Bosi, hii rangi nafunga hewa," akasema. "Sasa tunapima joto ya wapi? Ya rangi?"

Nilimwambia ajishughulishe na kazi yake. Akanionyesha kompyuta. Kwa mujibu wa kibanda chetu, Tororo mchana wa leo ilikuwa na joto kuliko jangwa. Na ilikuwa tayari imesharushwa. Mtu fulani wa makao makuu akapiga simu kuuliza kama mji unaungua.

Agwang alikwangua rangi kwa kisu cha jikoni cha Akongo hadi jioni. Mimi nilishika ngazi. Hewa ilipopita tena na namba zikashuka nilipumua kwa mara ya kwanza tangu mchana. Kisu kimeharibika. Akongo hajui bado.

Jumatano, 10 Septemba

Majina ya wakaguzi yamekuja. Wa kwanza ni Bwana Maloba kutoka upande wa Kenya. Wa pili, ambaye ndiye mwenyekiti, ni Madam Lillian Acom, kutoka Kampala.

Acom! Huyo ni mtu wa kwetu. Nilitoka ofisini mbio nikamkuta Akongo zizini akilisha nguruwe. Nikamuuliza kama anamjua Lillian Acom. Akasema nani asiyemjua, ni wa ukoo mmoja na mama yake mzazi, na mama yake humwita dada. Akaendelea, "Sasa kama huyo ni mama yangu, wewe naye nakuwa..." Sikusubiri amalize. Nilikuwa nimeshashika simu.

Namba yake ilikuwa kwenye barua. Nikaandika ujumbe mtamu. Nilimwambia shikamoo nyingi, mimi ni Okiror, mkuu wa kituo cha Tororo, mume wa Akongo, binti wa dada yako, kwa hiyo mimi ni mkweo halisi, na ninamsubiri mama yangu kwa mikono miwili. Nilisoma mara mbili kabla ya kutuma. Sikupata kosa hata moja.

Teopista ana nini? Ana maua mlangoni. Mimi nina mama mkwe kwenye kiti cha mwenyekiti.

Ijumaa, 12 Septemba

Amejibu! "Asante mwanangu kwa kunijulisha mapema." Maneno machache, lakini ona yalivyojaa. Mwanangu. Mapema. Nimeyasoma mpaka simu imezimika chaji.

Nilimwambia Agwang sasa anaweza kupunguza kasi, kituo kimeshapatikana. Hakupunguza. Ameandaa maelezo marefu ya kuwasomea wakaguzi, na ndani yake ameweka mambo ya Machi. Ile wiki ya Machi ambayo kituo hakikurusha chochote. Watu wanaikuza ile habari bure. Kulikuwa na mechi muhimu, umeme ulikuwa umekatika, na betri ya kituo ilikuwa imekaa tu pale. Niliiazima kwa televisheni. Kuirudisha ndiko kulikochelewa.

Nikamwagiza aondoe Machi yote. Akasema data za wiki ile hazipo, kwa hiyo hakuna cha kuondoa, shimo halifutiki. Nikamwambia nitayasoma maelezo mimi mwenyewe kama mkuu, na Machi nitairuka kama hatua mbovu ya ngazi.

Suti imetoka kwa fundi. Inabana kidogo kwapani lakini nikikaa wima haionekani.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeharibikiwa.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Nilikuwa namweleza Akongo jinsi nitakavyompokea Madam Lillian getini, nimfungulie mlango wa gari, nimshike mkono, nimketishe kwenye kiti changu. Akongo akasimama katikati ya njia. Akaniuliza kama ni kweli ninapanga kumshika mkono mama yake. Ndipo akamalizia ile sentensi ya Jumatano.

Naandika hapa nikiona aibu ya kumwaga. Mila hii naijua tangu utotoni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawakai chini ya paa moja, hawali pamoja. Akipita njia hii wewe unaingia kichakani. Mama mzazi wa Akongo nimekaa naye kijiji kimoja na sura yake nimeiona mara moja, kwenye picha. Na dada wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile. Nilijua yote haya. Ila nilikuwa namfikiria Madam kama ofisi, si kama mama.

Na nimemwandikia mwenyewe! Hakuna aliyemwambia. Angekuja, angekagua, angekwenda zake bila kujua mimi ni nani.

Nilimwuliza Akongo kama mila haiwezi kulegezwa kidogo, maana hii ni kazi, ni ofisi.

"Ofisi nayo iko Tororo," akasema, akaendelea na njia.

Jumatatu, 15 Septemba

Bwana Maloba amepiga simu. Mtu mpole sana. Alisema Madam amemweleza uhusiano wetu, naye ameuelewa kabisa, kwa sababu yeye ni Msamia na hata kwao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wamepanga. Gari lao likikaribia, mimi nitoke nje ya uzio. Maelezo yatasomwa na msaidizi. Kukiwa na swali ambalo ni la mkuu peke yake, yeye Maloba ataniletea uani na kurudisha jibu.

Nilipendekeza pazia. Nikae upande mmoja, Madam upande mwingine, nisome. Maloba akauliza kama hilo pazia litakuwa na paa lake.

Basi Agwang atasoma. Na Agwang ataisema Machi, namjua. Kituo kitakwenda Busia, nyumba itakwenda, mimi nitakwenda, Akongo atabaki na nguruwe. Nimeshindwa kula mchana.

Jioni nimepata njia. Simu! Agwang aweke simu yake mfukoni ikiwa wazi, mimi nje ya uzio nisikilize kila neno. Akielekea kubaya namtumia ujumbe. Nilimwambia ni kwa ajili ya kujibu maswali magumu. Alikubali kwa urahisi ambao sikuupenda.

Jumanne, 16 Septemba

Ninaandika nimejifunika blanketi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Gari lilipoonekana kwenye kona nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita shamba la muhogo la jirani, nikakaa nyuma ya uzio wa michongoma. Na suti yangu. Kutoka pale nilikiona kibanda, mlingoti, na mlango wa ofisi. Juu ya Mwamba wa Tororo wingu lilikuwa limekaa jeusi, lakini sikulijali. Nilikuwa na simu sikioni.

Agwang alianza vizuri. Akasema vituo vidogo vingapi vinatutumia vipimo, nani anavihakiki, mtandao ukikatika tunatumia njia gani. Sauti ya Madam ilikuwa ya chini na ya heshima. Nilianza kutulia. Kisha Agwang akasema sasa anataka kuzungumzia mwezi wa Machi.

Nikaandika: RUKA. Akaendelea. Nikaandika: RUKA HIYO. Akasema betri iliondolewa kituoni ili watu watazame mpira. Watu! Angalau hakunitaja jina. Nikaandika NYAMAZA kwa herufi kubwa, nikatuma mara kadhaa. Nikasikia simu yake ikitetemeka mfukoni kama mdudu ndani ya kopo. Madam akauliza kwa upole kama kuna dharura. Agwang akajibu hapana, ni mkuu wa kituo anamtakia kazi njema. Akaizima.

Nikabaki na michongoma tu.

Halafu mvua. Mwenye kujua mvua ya Tororo anajua haikupi nafasi ya kufunga vifungo. Radi moja, ya pili, upepo, kisha maji ya ndoo. Mlangoni pa ofisi wote watatu walitoka kutazama vyombo vinavyofanya kazi, nami nikainama. Nilichelewa. Madam aliona suti. Akageuza uso upesi, kama inavyopasa, nami nikageuza wangu. Tulikaa hivyo, kila mmoja akitazama upande wake, mimi nikilowa, yeye hawezi kuniita ndani na mimi siwezi kuingia.

Baadaye kidogo Maloba akaja akikimbia na mwavuli. Akasema mama ametuma, mwanawe ataugua. Nikauliza mwavuli ni wa nani. Akasema ni wa Madam. Nikaukataa. Kitu kilichokaa mkononi mwa mama mkwe nitakishikaje? Maloba akafikiri, akasema nimefanya sawa kabisa, hata yeye angeukataa. Akarudi chini ya mwavuli, mkavu.

Niliuliza kwa sauti, kabla hajafika mbali, kama Machi imetuua. Radi ikapiga. Sikusikia jibu.

Jumatano, 17 Septemba

Homa. Akongo amenipa chai ya tangawizi na amenisomea makosa yangu moja moja, kuanzia kisu.

Agwang alikuja kuniona. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, lakini akaniwahi. Akasema wakaguzi walifika tayari na shimo letu la Machi kwenye karatasi zao. Kituo kikinyamaza, kila kituo kwenye mtandao huona kimenyamaza, siku hiyohiyo, Nairobi, Kampala, na huko ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo wiki nzima ile, nikiwa natazama mpira, dunia ilikuwa inanitazama mimi. Nilivuta blanketi hadi kidevuni.

Nikamwuliza walisemaje alipolitaja. Alisema Madam aliuliza limezuiwaje lisitokee tena. Akamwonyesha kisanduku cha betri kilivyofungwa kufuli, na ufunguo anao yeye Agwang. Kumbe ndiyo maana sikuwahi kuupata ule ufunguo.

Pia nimepata habari nyingine. Wakati wa mkutano Madam alikalia kiti changu. Kile cha kuzunguka, chenye mto. Kiti alichokalia mama mkwe mimi sikikalii tena. Agwang amesema asijali mtu, atanisaidia, atakikalia yeye.

Ijumaa, 26 Septemba

Hakuna jibu. Nafanya kazi kwenye stuli. Teopista alipiga simu kuuliza kama tumesikia lolote, nami nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua kitu. Sijui kitu. Nilipokata simu nikajilaumu, maana sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye naye hali chakula.

Akongo ameanza kuulizia bei ya kusafirisha nguruwe. Hakuniambia, nimemsikia tu akiongea na dereva wa lori. Nilikaa nyuma ya zizi hadi akakata simu. Kumbe angehama nami.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tororo! Ni Tororo! Tumeteuliwa!

Agwang ndiye aliyefungua barua pepe. Alisoma kimya, akazungusha kiti changu mara moja, akasema, "Bosi, tunabaki." Nikakaa sakafuni pale pale. Nilicheka na machozi yakitoka, sijali nani ameona. Kisha nilikimbia nyumbani. Akongo alikuwa anafua. Nilimwambia hatuhami, nyumba ni yetu, nguruwe ni wa hapa. Akaketi juu ya ndoo akaweka kanga usoni, na mabega yakawa yanatikisika. Sijawahi kuona mzigo ukimtoka mtu waziwazi hivyo. Roho yangu imetua mahali pake kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije.

Sababu walizoandika ni mbili. Kwanza, kituo kilieleza upungufu wake bila kuficha. Busia ilisema haijawahi kukosa hata saa moja, na wakaguzi walikuwa na karatasi inayosema vingine. Pili, mvua ile ya ukaguzi ilifika kwenye mtandao ikiwa bado inanyesha. Maloba aliiona kwenye simu yake akiwa bado amesimama katika mvua hiyohiyo.

Wengine watasema ni kwa sababu sikuwepo ndani. Mimi najua kilichotokea. Damu. Mama hawezi kumwangusha mwanawe.

Teopista alipiga simu kunipongeza. Aliongea vizuri, nikashindwa kumchukia ipasavyo. Kituo chake nacho hakifungwi. Kitakuwa akiba yetu, sisi tukizimika anashika yeye. Alisema leo atalala usingizi kwa mara ya kwanza wiki hii. Nilimwambia hata mimi. Tukacheka wote wawili, jambo ambalo halijatokea tangu chuo.

Kuna kipengele kimoja tu kibaya mwishoni. Kila Jumatatu mratibu wa kituo atakutana na mwenyekiti kwenye mkutano wa kompyuta, uso kwa uso, kamera wazi. Mwenyekiti ni Madam Lillian. Kwa hiyo, kwa kuheshimu mila, mratibu atakuwa Agwang. Jina lake litawekwa kwenye ramani ya mtandao. La kwangu litabaki kwenye mlango wa choo cha wafanyakazi, ambapo liliandikwa na fundi kwa makosa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Madam amemtumia Akongo salamu. Anasema kwa vile kazi imetuunganisha, mila ina njia yake. Mkwe apeleke mbuzi, koo mbili zikae, chakula kiliwe, na baada ya hapo mkwe na mama wanaweza kuzungumza mambo ya kazi bila aibu. Akongo amefurahi. Amesema tukifanya hivyo kabla ya Krismasi, mwakani naweza kuingia kwenye mikutano pamoja na Agwang, na hakuna atakayekuwa amedharauliwa.

Mwakani! Mbuzi! Koo mbili! Nimekohoa wiki mbili kwa ajili ya kituo hiki.

Nilimwambia nitafikiri.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefikiri, na sikuhitaji mbuzi.

Tatizo zima ni kwamba mimi ni mkwe wa Madam. Basi nisiwe mkwe. Wakati wa mahubiri nilikumbuka kwamba babu yangu alibaki yatima akiwa mdogo na akalelewa katika boma la ukoo mwingine kabla ya kurudi kwa baba zake. Ukoo upi? Ule ule wa Madam Lillian! Mtu ni wa pale alipokulia, na wajukuu wake pia. Kwa hiyo mimi na Madam ni watoto wa boma moja. Mimi ni kaka yake. Kaka na dada wanakaa chini ya paa moja, wanatazamana, wanabishana, wanakalia viti vya kila mtu. Kesho Jumatatu naweza kuwasha kamera bila hofu yoyote.

Nimeshamtumia ujumbe. "Dada yangu mpendwa, samahani kwa mkanganyiko wa awali." Nimemtumia na Maloba nakala. Nimejisikia mwepesi mno hata nimemsaidia Akongo kubeba maji.

Kuna jambo dogo tu la kurekebisha hapa nyumbani. Mama yake Akongo ni dada wa Madam, kwa hiyo sasa ni dada yangu pia, na mimi nimekuwa kaka wa mama wa mke wangu. Akongo itabidi aniite mjomba. Bado sijamwambia.

Atazoea.